Radjabov mbele ya watazamaji, Radjabov mbele ya wenzake

Ukifuatilia sataranji mtandaoni, utakuwa umeshaliona hili: ratiba ya raundi inatoka, jina la Teimour Radjabov limo, na kabla kete hata moja haijasogezwa watu wameshaandika kwamba hiyo ni sare. Meme zinafuata. Mwingine anauliza kwa nini mtu huyu anaalikwa. Lakini ukiangalia anaalikwa na nani, anacheza na nani, na wale anaocheza nao wanafanya nini wakikaa mbele yake, unapata picha nyingine kabisa. Wachezaji walio kileleni wanamchukulia kwa uzito ambao watazamaji wengi hawampi.

Nimeona mabishano haya yakirudiwa miaka na miaka, na karibu kila mara pande mbili zinazungumzia vitu tofauti zikidhani zinazungumzia kimoja. Upande mmoja unapima burudani. Mwingine unapima ugumu wa kumfunga mtu. Yote mawili ni halali, ila lazima yatenganishwe kwanza ndipo mtu aweze kusema Radjabov anapendwa au hapendwi, na nani, na kwa lipi.

Tuanze na kijana mwenyewe. Alizaliwa Baku, Azerbaijan, Machi 1987, katika mji uleule aliozaliwa Garry Kasparov mwaka 1963. Alipata hadhi ya grandimasta, cheo cha juu kabisa cha mchezaji wa sataranji, mwaka 2001, akiwa na miaka 14. Miaka miwili baadaye, katika mashindano ya Linares nchini Hispania, akapangiwa Kasparov, ambaye wakati huo alikuwa bado namba moja wa dunia. Radjabov alikuwa na kete nyeusi na akafungua kwa Ulinzi wa Kifaransa, moja ya njia zinazojulikana za kuanza mchezo. Kwa sehemu kubwa ya mchezo Kasparov alikuwa na hali nzuri zaidi. Ndipo kijana wa miaka 15 akatoa farasi wake kwa askari, akaufanya mchezo kuwa wa vurugu, na mkubwa akapotea ndani ya vurugu hizo na kushindwa.

Waandishi wa habari wakaupa mchezo huo tuzo ya mchezo bora wa mashindano. Kasparov hakukubali. Kwenye hafla ya kufunga alisimama akalalamika hadharani kwamba tuzo imetolewa kwa sababu tu aliyeshindwa ni yeye, na kwamba mchezo wenyewe haukustahili. Alikuwa na hoja, maana hesabu za mchezo ule zina kasoro pande zote mbili. Lakini mwaka huohuo Radjabov, akiwa na kete nyeusi, aliwashinda pia Viswanathan Anand na Ruslan Ponomariov, mabingwa wengine wa shirikisho la dunia, FIDE. Watatu wa ngazi hiyo ndani ya mwaka mmoja, wote kwa upande mweusi. Hata Kasparov asingeweza kuiita hiyo bahati.

Kwa hiyo Radjabov wa kwanza, yule ambaye wachezaji wa rika lake walikua wakimtazama, alikuwa mshambuliaji. Silaha yake ilikuwa Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme, ufunguzi ambao mweusi anamwachia mweupe katikati yote ya ubao kisha anakuja kumshambulia mfalme wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakubwa walikuwa wanaukimbia. Mrusi Vladimir Kramnik alikuwa ameonyesha njia ya kuukaba, na Kasparov mwenyewe aliuacha. Radjabov akaurudisha katika ngazi ya juu. Loek van Wely wa Uholanzi aliijaribu kwake ileile njia iliyokuwa ikiwatisha wengine, akapigwa, akarudi nayo, akapigwa tena. Januari 2007, katika kijiji cha Wijk aan Zee, Radjabov alimaliza wa kwanza kwa pamoja na Levon Aronian na Veselin Topalov. Hakuwa ametimiza miaka 20.

Mchezaji akiufufua ufunguzi ambao wenzake walishauzika, wenzake wanalazimika kurudi mezani kusoma upya. Heshima ya namna hiyo haionekani kwenye idadi ya wafuasi. Inaonekana katika maandalizi ya watu ambao huenda hata hawampendi.

Sasa tuje kwenye sare, maana hapo ndipo fundo lilipo.

Katika sataranji ushindi ni pointi moja, sare ni nusu, kushindwa ni sifuri. Na kiwango cha mchezaji, kile cha Elo, hupanda au kushuka kulingana na tofauti kati ya alichopata na alichotarajiwa kupata. Chukua mchezaji mwenye 2750 anayekutana na mwenye 2800. Kwa fomula ya Elo anatarajiwa kupata takriban pointi 0.43. Akitoka sare anaongeza kama pointi 0.7 kwenye kiwango chake. Akishinda anaongeza 5.7. Akishindwa anapoteza 4.3. Na akiwa na kete nyeusi, ambazo katika ngazi hiyo zina hasara ndogo lakini ya kweli tangu mwanzo, uwezekano wa kushinda unapungua zaidi. Mwenye kuishi kwa mchezo huu akiiangalia hesabu hiyo haoni aibu yoyote katika sare ya haraka na mtu aliye juu yake. Kazi yake ya siku ile imelipa.

Watazamaji wanachokiona ni kingine. Ngoja niwaonyeshe sare moja maarufu, kwa sababu ukiielewa hii umeelewa nusu ya malalamiko. Inatoka katika ufunguzi uitwao Ulinzi wa Berlin. Kete nyingi nyepesi zinabadilishana mapema, na kufikia hatua ya 10 malkia mweupe yuko kwenye mraba wa d4 na malkia mweusi yuko kwenye mraba wa d6. Malkia mweupe anakwenda e4 na kumtishia mfalme. Malkia mweusi anakinga kwa kukaa e6. Mweupe anarudi d4. Mweusi anarudi d6. Mweupe anakwenda e4 tena, mweusi anakinga tena e6, mweupe anarudi d4, mweusi d6. Hatua 14 zimetimia, mkao uleule umetokea mara tatu, sheria inasema mchezo umekwisha. Katika mashindano ya haraka ya mtandaoni wachezaji wawili wanaweza kumaliza haya yote kabla mtangazaji hajamaliza kuwatambulisha.

Mtu aliyejipanga jioni nzima kutazama, amenunua bando, amekaa na simu yake, halafu anaona hayo, ana haki ya kukasirika. Simlaumu. Na sare za namna hii zimehusishwa na jina la Radjabov kuliko la karibu mchezaji mwingine yeyote wa ngazi yake. Hakuwa peke yake, wapo wengi walioicheza Berlin ile, baadhi yao wakiwa vipenzi wakubwa wa mtandao. Tofauti ni kwamba mwenzake akitoka sare ya hatua 14 leo, kesho anawasha kamera, anacheza mubashara kwa muda wa saa nne, anacheka na mashabiki, na deni limelipwa. Radjabov hajajenga jina lake kwa njia hiyo. Kwake yeye mchezo ndio kila kitu mtazamaji anachopata, na mchezo ukiwa mfupi mtazamaji hapati kitu.

Hapo ndipo watu wanaposahau kwamba sare haifanywi na mtu mmoja. Malkia yule wa d6 ana mwenyewe, na yule wa d4 ana mwenyewe. Radjabov akitoka sare ya haraka na mmoja wa wachezaji kumi bora wa dunia, maana yake ni kwamba huyo wa kumi bora naye ametazama uwezekano wa kumfunga, akaona haulipi. Wachezaji hawa hawaogopi kupambana na mtu dhaifu. Dhaifu wanamsukuma kwa muda wa saa sita mpaka avunjike. Wakikubali nusu pointi upesi mbele ya mtu, wameshatamka wanavyomwona.

Basi mtazamaji na mchezaji wanatazama tukio lilelile na kila mmoja anaondoka na hukumu yake. Mtazamaji anaandika kwamba Radjabov anaua mchezo. Mpinzani wake anaandika kwenye daftari lake kwamba mtu huyu hana pa kushikwa.

Siyo kwamba miaka yote ilikuwa mizuri. Novemba 2012 alifikia 2793, kiwango chake cha juu kabisa. Miezi michache baadaye akaenda London kwenye Mashindano ya Wagombea, yale yanayompata mpinzani wa bingwa wa dunia, akamaliza wa mwisho na pointi 4 katika michezo 14. Nadhani pale ndipo palipobadilika kitu. Baada ya London alicheza kidogo, kwa tahadhari zaidi, na ule Ulinzi wa Kihindi ukawa mgeni wa nadra. Mashabiki vijana walioingia kwenye sataranji baada ya 2015 hawakumjua mshambuliaji. Walimkuta mlinzi. Na waliomiminika mwaka 2020, wakati watu walipofungiwa majumbani na majukwaa ya sataranji kufurika, walimkuta kupitia vipande vya video vya sekunde thelathini. Mtu aliyemjua hivyo, ukimwambia habari za Linares, anaona kama unamzungumzia mwingine.

Ugomvi mkubwa zaidi lakini haukutoka kwenye sare. Ulitoka kwenye nafasi yake katika Mashindano ya Wagombea, na huu inabidi uelezwe taratibu kwa sababu kila upande huuanzia katikati.

Mwaka 2019 Radjabov alishinda Kombe la Dunia kule Khanty-Mansiysk, Urusi: wachezaji 128, mtoano, mwezi mzima. Fainali alicheza na Ding Liren wa China. Michezo mirefu ikaisha 2 kwa 2, ya haraka nayo ikagoma kutoa mshindi, mpaka ile ya dakika chache ambayo Radjabov aliichukua yote miwili. Ushindi huo ulimpa tiketi ya Mashindano ya Wagombea yaliyopangwa kuanza Machi 2020 mjini Ekaterinburg.

Korona ikaja. Radjabov aliiomba FIDE iahirishe, FIDE ikakataa, na mwanzoni mwa Machi akajitoa. Nafasi yake akapewa Mfaransa Maxime Vachier-Lagrave. Mashindano yakaanza. Tarehe 26 Machi, baada ya raundi 7 kati ya 14, yakasimamishwa kwa sababu Urusi ilikuwa inasitisha safari za ndege za kimataifa na wachezaji wangekwama. Yalimalizwa Aprili 2021, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Mei 2021 FIDE ikatangaza kwamba Radjabov ataingia moja kwa moja katika Mashindano ya Wagombea ya 2022.

Waliopinga walisema hivi: alijitoa mwenyewe, hakufukuzwa, na tiketi ya kupewa inamnyang'anya nafasi mtu mwingine ambaye angeipata kwa jasho. Waliongeza kwamba tangu Kombe la Dunia alikuwa amecheza michezo mirefu michache sana, na kwa kuwa FIDE haipunguzi kiwango cha mtu asiyecheza, namba yake ilikaa juu bila kujaribiwa. Hoja hizo si za chuki. Mimi naona hata hivyo upande wa pili una uzito mkubwa zaidi. Mtu alisema mashindano haya hayatawezekana kuchezwa salama, akaambiwa yatawezekana, akalipia msimamo wake kwa kupoteza nafasi ya maisha, na siku kumi hivi baada ya kuanza wenye mashindano wakafikia palepale alipokuwa amefikia yeye. Kumrudishia nafasi kulikuwa kulipa deni. Mabishano hayo yaligawa hata wachezaji wenyewe, na mpaka leo ukiyafukua hayakosi moto.

Katikati ya kelele hizo kuna tukio ambalo ningependa likumbukwe zaidi. Tarehe 26 Desemba 2020 yalianza mashindano ya mtandaoni ya Airthings Masters, ya pili katika msururu ulioanzishwa kwa ajili ya kizazi hiki cha watazamaji wa skrini. Kila mchezaji alikuwa na dakika 15, na sekunde 10 zaidi kwa kila hatua. Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, alikuwemo na akatolewa na Mrusi Daniil Dubov. Aliyebeba kombe tarehe 3 Januari 2021, kwa kumfunga Aronian fainali, alikuwa Radjabov. Mtu aliyesemwa kila siku kwamba hafai kwa skrini alishinda mashindano ya skrini.

Alishindaje? Kwa ulinzi uleule. Hatua ya mtoano ilichezwa kwa siku mbili mbili, kila siku michezo minne. Ukiipata siku ya kwanza, sare ya siku ya pili inakutosha, na mwenzako ndiye anayelazimika kutoka ngomeni. Mchezaji ambaye hafungiki katika mpangilio wa namna hiyo ni kama mwogeleaji mwenye pumzi ndefu: anakungoja chini mpaka wewe upande juu kutafuta hewa. Sijui kama kuna namna ya kuyafanya hayo yawe burudani kwa mgeni wa mchezo. Kwa wachezaji wenzake yalikuwa somo.

Waandaaji nao walisikia malalamiko. Msimu wa 2022 wa msururu huohuo ulitoa pointi 3 kwa ushindi na 1 kwa sare katika hatua ya awali, kama ligi ya mpira. Mashindano ya Norway Chess tangu 2019 yanawachezesha tena walioenda sare, mchezo mmoja wa haraka, mweusi akihesabiwa mshindi ikiwa sare tena. Na kabla ya hapo, tangu katikati ya miaka ya 2000, kulikuwa na sheria za Sofia zinazokataza wachezaji kuafikiana sare kwa mdomo. Kama ulivyoona kwenye Berlin, sheria hiyo wanaipita kirahisi kwa kurudia mkao. Mabadiliko haya yote yanakiri jambo moja: sare za haraka zinazaliwa na mfumo wa malipo. Ukibadilisha malipo, watu walewale wanacheza tofauti.

Ili kuona kwamba tatizo si Waazerbaijani, mtazame Shakhriyar Mamedyarov. Amezaliwa Sumgait mwaka 1985, amekuwa katika timu moja na Radjabov kwa miaka, wamechukua pamoja ubingwa wa timu wa Ulaya mara tatu: 2009, 2013 na 2017. Huyu mtandao unampenda waziwazi. Anatoa kete, anakosea kwa ujasiri, akishinda anatabasamu. Ndiye pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa vijana mara mbili, na mwaka 2018 alifikia 2820, akashika namba mbili duniani, na kule Biel, Uswisi, akamfunga Carlsen na kuchukua mashindano. Kwake yeye daftari la watazamaji na daftari la wenzake yanasema kitu kimoja. Wachezaji wa namna hiyo ni wachache mno, na ni kosa kuwafanya kipimo cha kila mtu.

Na yupo wa tatu, Vugar Gashimov, aliyekuwa katika timu ile ya 2009. Alifika namba sita duniani, akiutumia ufunguzi wa Benoni ambao wengi wa ngazi yake waliuona hauaminiki. Tangu mwaka 2000 alikuwa akiugua, uvimbe wa ubongo na kifafa. Aliacha kucheza mapema 2012 na akafariki Ujerumani Januari 2014, akiwa na miaka 27. Aprili mwaka huohuo yakaandaliwa mashindano ya kumkumbuka katika mji wa Shamkir, na waliokwenda kuketi ni Carlsen, bingwa mpya wa dunia, pamoja na Caruana, Nakamura, Karjakin, Mamedyarov na Radjabov. Carlsen aliyashinda, lakini katikati alipoteza michezo miwili mfululizo. Wa pili kumfunga alikuwa Radjabov.

Ukitaka kujua wenzake walimpenda Gashimov kiasi gani, orodha ile ya waliofika Shamkir inatosha. Hakuna meme inayoweza kuipima.

Nirudi kwenye tiketi yenye ugomvi. Mashindano ya Wagombea ya 2022 yalichezwa Madrid, Juni hadi Julai, wachezaji wanane. Maoni mengi mtandaoni yalikuwa kwamba Radjabov amekuja kuchukua nafasi na kutoka sare 14. Alimaliza wa tatu kwa pointi 7.5. Ian Nepomniachtchi alishinda kwa 9.5, na wa pili alikuwa Ding Liren, yuleyule wa fainali ya 2019, kwa pointi 8, baada ya kumfunga Hikaru Nakamura raundi ya mwisho. Wiki mbili hivi baadaye Carlsen alitangaza kwamba hatautetea ubingwa wake. Nafasi ya pili ikawa ghafla tiketi ya kugombea taji, na Aprili 2023, mjini Astana, Ding akawa bingwa wa dunia. Kati yake na Radjabov, kwenye jedwali la Madrid, kulikuwa na nusu pointi.